Mbwa wa Zizini Ana Haki kwa Mwenye Zizi

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Singida Mjini

Kuna swali jepesi ambalo katika vijiji vyetu hukosa jibu. Afisa mifugo anapopita na daftari lake, akamwona mbwa amelala kivulini karibu na zizi la mbuzi, huuliza: mbwa huyu ni wa nani? Aghlabu mwenye mji hutazama pembeni. Atasema mbwa huyo anakaa tu hapo, au alikuja mwenyewe, au ni wa vijana. Lakini usiku, fisi anapolia upande wa mlimani, mwenye mji huyohuyo hutega sikio kwanza asikie kama mbwa ameitika, na asipomsikia hushika tochi na rungu akatoka nje.

Makala haya yanamhusu mbwa huyo: yule asiyefungwa, anayetoka na mifugo asubuhi na kurudi nayo magharibi, ambaye anaitumikia kaya ya Kiislamu na kaya yenyewe inaona haya kumwita wake. Nayaandika katika ukurasa wa familia kwa makusudi. Haya hiyo ina gharama, na gharama yake huwafikia watoto kabla ya watu wazima.

Mkoa wetu wa Singida uko katika ukanda mkavu wa katikati ya nchi. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na baada ya hapo majani huisha karibu na nyumba, mifugo hupelekwa mbali. Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo wa upande wa Manyoni, Wataturu, na Wasukuma waliohamia, takribani wote hufuga, na wengi wao hulima mtama, uwele, mahindi na alizeti hapohapo. Kuanzia Ilongero na Mtinko mpaka Sepuka, kutoka Iramba na Mkalama hadi vichaka vya Itigi, ni nadra kuikuta kaya yenye mbuzi isiyokuwa na mbwa. Yeye ndiye anayebweka fisi anaponusa mlango wa zizi. Ndiye anayemfukuza mbweha anayenyemelea vitoto vya mbuzi. Katika mashamba yaliyo chini ya milima ya mawe ndiye anayewatimua nyani na ngedere wakati watoto wako shule. Hata kuku wa kienyeji wa Singida, ambao sifa yao imefika hadi masoko ya Dar es Salaam, wameponea mara nyingi kwa kicheche kuogopa mbwa.

Mlinzi huyu hana mshahara. Chakula chake ni ukoko na pumba iliyokorogwa kwa maji, inapobaki. Akiumwa hupona au hafi mpaka siku yake; akipotea, atakuja mwingine.

Ruhusa iliyokuja na wajibu

Tuanze na dini, kwa kuwa ndiko tunakotafutia udhuru.

Mtume Muhammad (SAW) amefundisha, katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuweka mbwa pasipo haja hupungukiwa kila siku na kirati katika thawabu za amali zake. Hadithi hiyo tunaifahamu, na tunaisoma kwa sauti. Lakini mara nyingi tunaikatisha. Ndani ya Hadithi hiyohiyo wametolewa mbwa wa mifugo, mbwa wa kuwindia, na, katika mapokezi ya Abu Huraira (RA), mbwa wa shamba. Aya ya nne ya Sura Al-Maida imehalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, na mbwa yumo. Na katika Sura Al-Kahf, Mwenyezi Mungu (SW) anapotusimulia habari za vijana wa pangoni, hakumsahau mbwa wao aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Amemtaja katika aya ya 18, na katika aya ya 22 watu wanapobishana juu ya idadi ya vijana wale, mbwa anahesabiwa nao kila mara.

Kwa hiyo mfugaji wa Mtinko mwenye mbuzi ishirini na fisi jirani yake hana sababu ya kutazama pembeni anapoulizwa. Mbwa wake amo ndani ya ruhusa.

Ni kweli kwamba madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tunayafuata, yanamhesabu mbwa kuwa najisi nzito, mate yake na mwili wake, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wanasema mbwa aliye hai ni twahara na kuosha chombo ni ibada tu. Mahanafi wanayahesabu mate kuwa najisi na manyoya sivyo. Simwiti mtu ahame madhehebu yake. Ninachokumbusha ni kwamba hukumu ya najisi inatufundisha namna ya kuosha, haitufundishi kumtesa aliye najisi. Mkojo wa mtoto mchanga nao ni najisi, na sijasikia mama aliyeacha kumbeba mwanawe kwa sababu hiyo. Huweka kitambaa, akabadilisha nguo, akaswali.

Tena hata katika madhehebu yetu, kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Kanzu kavu iliyopitiwa na mbwa mkavu haihitaji kuoshwa. Kinacholeta kazi ni unyevu: mate, jasho, mvua, umande. Mchungaji anayejua jambo hili hupanga mambo yake kwa wepesi. Mbwa ana chungu chake au kigae chake cha chakula kisichoingia jikoni, ana kamba yake isiyofungia mzigo wala ndoo ya kisimani, na aliyemshika akiwa mkavu huendelea na shughuli zake. Wasiwasi mwingi tunaouona unatokana na kutojua kanuni hii moja.

Asiye na bei

Kuna hukumu nyingine ambayo, nadhani, imetupotosha bila kukusudia. Mtume (SAW) amekataza thamani ya mbwa, na kwa Mashafii mbwa hauzwi hata akiwa wa mifugo. Hupewa mtu bure, au huachiwa akamchukua. Matokeo yake ni kwamba mbwa ndiye mnyama pekee wa zizini ambaye hakununuliwa. Ng'ombe ana bei mnadani, mbuzi ana bei, hata jogoo ana bei. Mbwa hana. Basi tumevuka kutoka hana bei tukafika hana thamani, na hapo hakuna mwanachuoni aliyetufikisha.

Al-Izz bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262 Miladia, amezitaja katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam haki za wanyama juu ya mwanadamu. Maana ya maneno yake ni kwamba mwenye mnyama anawajibika kumgharimia hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena, asimbebeshe asichokiweza, asimweke pamoja na mnyama atakayemuumiza, na ampe mahali pema pa kulala na pa kunywa. Hakusema haki hizo ni za wanyama wenye bei peke yao.

Na kuna mas'ala moja ya tayammum ambayo ningependa isomwe zaidi katika madrasa zetu za mkoa huu wenye ukame. Wanafiqhi wa Kishafii wamesema mtu mwenye maji machache, akiwa na mnyama mwenye heshima ya kisheria anayeona kiu, humnywesha mnyama, naye akatayamamu kwa udongo. Katika kueleza ni nani mwenye heshima hiyo wamemtoa nguruwe na wamemtoa mbwa mkali anayeshambulia watu. Mbwa mwenye manufaa, wa mifugo au wa shamba, hawakumtoa. Yaani mchungaji wa Kishafii aliye malishoni mwezi wa Oktoba, ana nusu ya kidumu na adhuhuri imeingia, maji yale ni ya mbwa anayehema pembeni yake kabla hayajawa maji ya udhu. Mtu akilifikiri jambo hili vizuri ataacha kusema kwamba fiqhi yetu haina huruma na mbwa.

Kisa cha yule msafiri aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake ya ngozi na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, hadi Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake, kila mtoto wa madrasa anakijua. Mbwa yule hata hakuwa wake.

Yanayomuua

Sasa tuangalie mambo ya zizini. Mbwa wa vijijini hawafi kwa uzee. Wengi hufa kwa sababu ambazo mwenye zizi angeweza kuzipunguza bila gharama kubwa, na pasipo kumfunga mnyororo mchana kutwa, kwani mbwa wa mifugo akifungwa hana kazi.

Ya kwanza ni fisi na chui wenyewe. Mbwa anayelala peke yake nje ya ua wa miiba ni chakula. Akilala ndani, pamoja na mbuzi, miiba inamlinda yeye pia, naye huwahi kusikia kabla adui hajafika karibu. Wawili ni bora kuliko mmoja. Mmoja hubweka akakimbia, wawili husimama. Wachungaji wa Sivas nchini Uturuki, ambao ni Waislamu kama sisi, wana mbwa wakubwa waitwao Kangal, na huwavisha shingoni kola ya chuma yenye miiba ili mbwa mwitu wa kule asipate pa kuuma. Sisi hatuna Kangal, ingawa nchini Namibia taasisi ya Cheetah Conservation Fund imekuwa ikiwapa wafugaji mbwa wa asili ya Uturuki tangu mwaka 1994, ili walinde mbuzi na wafugaji waache kuua duma. Kinachotufaa kutoka kwao kuliko ukubwa wa mbwa ni malezi: mtoto wa mbwa hupelekwa kwenye mbuzi akiwa bado mdogo, akakua akiwaona mbuzi kuwa ndio jamaa zake. Mbwa wa namna hiyo hakimbilii sungura wala hafuati swala porini. Hubaki na kundi. Wengi wa mbwa wetu wanaonaswa katika mitego ya waya wamenaswa kwa kuacha kundi na kufuata mnyama pori. Hilo ni la malezi, na linaanza mbwa akiwa na miezi miwili.

Ya pili ni sumu, na hapa nitakaa kidogo. Fisi akiua ndama, baadhi ya watu hupaka mzoga dawa kali ya kuulia wadudu wa mazao na kuuacha porini. Wanajua atakayekuja usiku ni fisi. Hawafikirii watakaokuja mchana: tai, na mbwa. Mbwa wa jirani akila hapo hufa kwa kutetemeka na kutoka povu, watu wakadhani ni kichaa, na waliomgusa wakaingiwa hofu. Sumu hiyo ikilowesha udongo karibu na lambo, mbuzi nao wamo hatarini, na watoto wanaochunga wamo hatarini zaidi ya wote, maana ndio waokotao kila kitu. Aliyetia sumu katika njia ya viumbe wa Mwenyezi Mungu na mali za watu ana dhima kwa kilichokufa, hata kama nia yake ilikuwa fisi. Mzoga uzikwe au uchomwe. Ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa asitupwe kwa mbwa. Humo mna minyoo na maradhi yanayorudi nyumbani kupitia kinyesi cha mbwa huyohuyo.

Barabara ni ya tatu. Tangu lami ilipounganisha Singida na Dodoma, Nzega na Babati, malori hupita usiku na mchana, na mifugo inayovushwa alfajiri huvushwa na mbwa akiwa mbele au nyuma mno. Mchungaji amwite mbwa kwanza, kisha avushe. Mbwa awe na jina, na jina hilo alijue. Naona watu wanacheka, lakini mbwa asiye na jina haitiki.

Halafu kuna kamba ya shingoni. Mtoto wa mbwa hufungwa kamba akiwa mdogo, kamba ikasahaulika, shingo ikanenepa, na kamba ikaingia katika nyama mpaka funza wakaota. Nimewaona wa namna hiyo zaidi ya mmoja. Ukanda wa ngozi au wa mpira, wenye nafasi ya kupita vidole viwili, ulegezwe kila baada ya muda. Ukanda huo una faida ya pili: halmashauri zinapotangaza kuwaua mbwa wanaozurura, mwenye ukanda anaonekana ana mwenyewe. Asiye nao ni wa kila mtu, na wa kila mtu huuawa.

Kuhasi, ambako maafisa mifugo hukusifu kwa kuwa mbwa dume aliyehasiwa hatangitangi, ni mlango nisioufungua hapa. Wanazuoni wamehitilafiana, na madhehebu yetu yanakataza kumhasi mnyama asiyeliwa. Mwenye haja amuulize sheikh wake.

Kichaa cha mbwa na mtoto anayenyamaza

Yote hayo ni madogo ukiyalinganisha na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu husababishwa na virusi, hukaa katika mate, na huingia kwa kuumwa au kwa mate kugusa kidonda. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, hakuna tiba. Duniani hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema watu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Watoto hao ndio wachungaji wetu wa Jumamosi na wa likizo. Na hapa ndipo haya yetu inapogeuka hatari. Mtoto aliyezoea kukemewa kila mbwa anapomkaribia, aliyefokewa kwamba ametia nyumba najisi, siku akiumwa kisigino atasema amechomwa na mwiba. Ataosha kwa siri kwenye lambo na kunyamaza. Virusi huchukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kuonekana, na wakati huo mwiba umeshasahaulika. Wazazi, mwambieni mtoto leo, kabla hajaumwa, kwamba akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, aje aseme, na hatapigwa wala hatasutwa.

Akisema, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu. Aliyepo atazame saa. Kisha aende hospitali siku hiyohiyo, na akianza sindano azimalize siku zote alizopangiwa. Udongo haupakwi kwenye kidonda kibichi. Mambo ya tahara yana nafasi yake na sharia imefungua mlango penye madhara; kuhifadhi nafsi kunatangulia. Wala asipelekwe kwanza kwa mtu wa kumtilia dawa ya mizizi, au hata kusomewa, halafu ndipo hospitali. Kisomo hakizuiwi na sindano, kinaweza kufanyika njiani.

Mbwa aliyebadilika tabia, anayeuma fimbo na mawe, anayetokwa na mate na kushindwa kumeza, ambaye taya limelegea, huyo asikaribiwe wala asichinjiwe huruma na mtoto. Aitwe afisa mifugo. Huyu ndiye mbwa mkali ambaye sharia imeruhusu auawe popote, na kumwacha ni kuwadhulumu watu na mbwa wengine.

Lakini kinga ya mtoto inaanzia kwa mbwa. Wataalamu wamekubaliana kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita na hatimaye huzimika. Katika vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Serengeti kazi hii imefanywa kwa miaka mingi, na chanjo imewalinda watu na wanyamapori pia. Tusisahau mwaka 1994, ugonjwa mwingine wa mbwa uitwao distempa ulipoingia Serengeti na kuua takribani simba 1,000, theluthi ya waliokuwapo. Kutoka huko mpaka kwetu si mbali. Anayevuka daraja la Sibiti kutoka Meatu anaingia Mkalama, na mbwa wa wachungaji huvuka bila kuulizwa cheti.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa gazeti hili ni Pemba. Kisiwa kile ni cha Waislamu, madhehebu yao ni haya yetu, na wana mbwa, wachache kuliko wetu. Kampeni za chanjo zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekoma. Chanjo zikalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, ukiwa umeletwa kutoka nje ya kisiwa. Mbwa wakachanjwa upya, na mwaka 2018 ukazimwa tena. Kila mbwa aliyechanjwa kule alishikwa na mtu, na katika vijiji vya Pemba mtu huyo alikuwa Mwislamu mwenye udhu wa kutia tena. Kama lile liliwezekana Wete na Chake Chake, sioni kwa nini lishindikane Ilongero.

Nani atashika kamba

Barua za siku za chanjo hupita mezani kwangu, nami huzisoma baada ya swala ya Ijumaa pamoja na matangazo ya ndoa na ya misiba. Nimekuwa nikitazama ni nani hufika kituoni. Wanaokuja na mbwa ni watoto wa miaka minane au kumi, wawili wakimvuta mbwa mmoja kwa kipande cha kanga. Watu wazima husimama mbali kwa ajili ya nguo zao. Mbwa aliyezungukwa na mbwa wageni huogopa, na mbwa mwenye hofu huuma. Na aliye karibu na meno ni mtoto. Mbwa mkubwa wa zizini, yule hasa anayekutana na fisi na mbweha, haji kabisa, kwa sababu watoto hawamuwezi. Kwa hiyo tunachanja vijibwa vya uani na kumwacha mlinzi.

Ningependa kamati za misikiti ya vijijini zilichukue jambo hili. Imamu akitangaza mimbarini kwamba kumpeleka mbwa wa mifugo akachanjwe ni katika kuondoa madhara, na kwamba aliyemshika ataosha palipolowa mara saba, mojawapo kwa udongo, kisha ataswali, nusu ya uzito imeondoka. Ndoo ya maji na mchanga safi iwekwe kituoni. Hilo halimshindi mtu. Na tuzungumze na maafisa mifugo juu ya wakati. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, ambayo kwetu ni kiangazi kikali, na mbwa wa mifugo wako mbali na kijiji pamoja na makundi yao. Chanjo ikiwekwa ofisi ya kata saa nne asubuhi, inawakuta waliobaki nyumbani. Ikiwekwa josho siku ya kuogesha, au kwenye lambo mifugo inaposhuka kunywa, inawakuta wale wa kazi.

Wakati mwingine chanjo ni bure, wakati mwingine ina ada ndogo. Mwenye mbuzi kumi asilalamikie ada hiyo. Akumbuke fisi anachukua wangapi kwa mwaka. Cheti kihifadhiwe na karatasi za kliniki za watoto, na mwaka ukipita mbwa arudishwe tena. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, wasiachwe kwa kuonekana wadogo.

Mwenye mji amshike mbwa mwenyewe, au kijana wake mwenye nguvu, mmoja kwa mbwa mmoja. Avae nguo ya kazi, aache kanzu nyumbani. Kamba iandaliwe usiku, itundikwe nje mahali pake, na mbwa afungwe kabla ya adhana ya Alfajiri, maana akishatoka na mbuzi hapatikani tena mpaka magharibi.